Panya wa depo: tumupige picha mbele ya kumuua



Somo la mara hii ni juu ya panya wanaoingia katika depo ya mihindi, na juu ya chombo kidogo chenye kinaweza kutusaidia kuwamaliza. Chombo hicho kinaitwa kamera ya mutego. Ni kamera yenye kupiga picha yenyewe, bila mutu kuigusa, kila mara munyama anapita mbele yake, muchana na usiku. Wenye kuchunga wanyama wa pori wanaitumia tangu zamani. Sisi tunaileta ndani ya depo.

Juu ya nini tunaanza na hesabu

Kwetu huku Shinkolobwe na Likasi, mihindi tunavuna kuanzia mwezi wa 4 na wa 5. Mwenye kuuza palepale anauza kwa bei ya chini. Koperative inaweka katika depo ili kuuza wakati bukari imekuwa ngumu kupatikana, tangu mwezi wa 11 mpaka wa 2. Mihindi inalala depo miezi 6 ao 7. Panya naye anajua jambo hilo. Mwezi wa 8 na wa 9, wakati pori linachomwa na majani yamekwisha, chakula chenye kinabaki njo kile chenye kiko ndani ya depo yetu.

Na kuko jambo lingine lenye kuuma zaidi. Siku ya kupima mifuko tena, kilo zimepunguka. Mumoja anasema: «Ni panya.» Mwingine anamuangalia mulinzi wa depo na kunyamaza. Koperative inaweza kuvumilia mwaka mubaya wa mvua, lakini ni vigumu kuvumilia bamemba wasioaminiana. Kwa hiyo tufanye hesabu pamoja mbele ya kumusema mutu ao munyama.

Panya mukubwa anakula gramu 15 mpaka 25 za nafaka kwa siku. Tuchukue 20. Kama panya ni 20, kwa siku moja wanakula gramu 400. Kwa siku 150 ni kilo 60, ni kusema mufuko mumoja wa kilo 50 na kilo 10 juu. Hapo hatujaweka mifuko yenye wametoboa, mihindi yenye imemwagika chini, na ile yenye wamekojolea na yenye munuuzi anakataa. Hasara hiyo inapita mbali kile wanakula.

Sasa tuangalie maji. Mihindi yenye iliingia depo na unyevu wa 16% na ikakauka mpaka 13% inapoteza karibu kilo 3 na nusu kwa kila kilo 100. Kwa mifuko 100 ya kilo 50, ni kilo zaidi ya 170. Hakuna mutu aliiba, hakuna panya alikula: ni maji yamekwenda. Mulinzi mwenye kulaumiwa juu ya mifuko 3 pengine hana kosa hata kidogo. Lakini kama mifuko 15 mizima imekosekana, musiseme panya 20 njo waliibeba. Panya hatoki na mufuko kwa mulango.

Munaona: ili kusema kweli, tunapashwa kujua panya ni wengi namna gani, ni wa aina gani, na wanapitia wapi. Hapo kamera inaanza kazi yake.

Mugeni na mwenyeji

Si kila panya ni mugeni. Katika picha mutaona aina mbalimbali, na kila moja ina dawa yake.

*Panya mweusi wa nyumba.* Ni mugeni. Asili yake ni upande wa India, na amezunguka dunia nzima ndani ya meli, treni na magari ya mizigo. Mukia wake ni murefu kupita mwili na kichwa pamoja. Masikio ni makubwa. Anapanda vizuri sana: utamuona juu ya mbao za paa, juu ya kamba, juu ya mifuko ya mwisho. Si lazima awe mweusi. Wengi ni wa rangi ya udongo.

*Panya wa mifereji.* Naye ni mugeni, asili yake ni Asia. Ni munene, pua fupi, masikio madogo, na mukia ni mufupi kupita mwili. Anachimba. Anapenda muji, mifereji na takataka. Anaweza kufika kijijini ndani ya mizigo kutoka sokoni.

*Panya mudogo wa nyumba.* Mugeni pia. Uzito wake ni karibu gramu 20 tu. Anaingia kwa tundu lenye upana wa kalamu.

*Panya wa mashamba.* Huyu ni mwenyeji wa Afrika. Mukia wake unakaribia kulingana na mwili, na jike ana matiti mengi, hata kufika 24. Anazaa sana kisha mvua nzuri. Huyu hatuwezi kumumaliza, kwa sababu pori lote ni lake. Kazi yetu ni kumufungia mulango.

*Mwenye pua ndefu na harufu kali.* Watu wengi wanamuita panya, lakini si panya. Chakula chake ni wadudu. Mukimuona katika picha, mumuache.

Kamera inaweza pia kumuonyesha bundi. Tunajua wengi wanamuogopa na wanamufukuza kwa mawe. Bundi anakula panya usiku kucha na haombi mushahara. Musimuue.

Kamera inafanya kazi namna gani

Ndani ya kamera kuko jicho lenye kusikia joto lenye kutembea. Mwili wa munyama una joto kupita hewa. Akipita, jicho linaamusha kamera. Usiku inatumia mwanga wenye panya haoni vizuri, kwa hiyo hakimbii. Picha zinaingia katika karti ya memori, pamoja na saa na tarehe. Mapile mazuri yanaweza kukaa wiki nyingi.

Mambo yenye kuharibu kazi mara nyingi ni haya:

1. Saa na tarehe hazikuwekwa sawa. Picha isiyo na saa ya kweli haitusaidii kuhesabu.
2. Kamera iko karibu sana. Panya anatokea kama wingu jeupe. Iweke umbali wa metre 1 na nusu mpaka 2.
3. Kamera inaangalia mabati yenye kupata jua, ao mulango wenye mwanga. Joto la mabati linaidanganya, na karti inajaa picha za bure.
4. Majani ao kipande cha mufuko kinapepea mbele yake. Toeni vyote.

Kuweka kamera katika depo

Tuseme koperative imepewa kamera 3. Muziweke hivi.

Ya kwanza iweke karibu na mulango, kimo cha sentimetre 30 mpaka 50 kutoka chini, iangalie ukuta kwa ndani. Ya pili iangalie chini ya palete. Ya tatu iweke juu, iangalie mbao za paa. Koperative nyingi zinasahau ile ya juu, na huko njo panya mweusi anatembea.

Mbele ya kila kamera, simamisheni kijiti chenye alama kila sentimetre 5. Kitawasaidia kupima urefu wa mwili na mukia. Kwa kijiti pakeni kalanga iliyosagwa, kidogo tu kama ukucha wa kidole gumba. Kalanga inamufanya panya asimame, na picha inakuwa safi.

Achini kamera usiku 5. Katika siku hizo musiue panya hata mumoja, musisafishe, musihamishe mifuko. Tunataka kuona mambo namna yako kweli.

Kusoma picha

Kisha usiku 5, wanne ao watano wa komite wakae pamoja. Mulinzi wa depo awe mumoja wao. Muangalie picha zote na kuandika katika kayé: kamera gani, saa ngapi, munyama gani.

Kuko kanuni moja. Panya mumoja anaweza kupigwa picha 40 akila kalanga. Hao si panya 40. Picha za aina moja, kwa kamera moja, zenye kufuatana bila kupita dakika 30 muzihesabu kama ziara moja.

Tuchukue mufano. Kamera 3 mara usiku 5 ni usiku 15 wa kamera. Mumepata ziara 60. Mugawe 60 kwa 15: ni ziara 4 kwa kila usiku wa kamera. Namba hiyo 4 haisemi panya ni wangapi kabisa. Inasema ukali wa shida leo, na tutailinganisha na namba ya nyuma ya kazi.

Sasa muangalie kamera moja moja. Tuseme ya mulango ina ziara 6, ya palete ina 12, ya juu ina 42. Na wenye mukia murefu njo wengi. Picha zimewaambia: adui ni panya mweusi, na njia yake ni paa. Kama mungetega mitego yote chini, mungekaa mwezi muzima bila kupata kitu, na mungesema mitego haifai.

Saa nazo zinasema. Kama ziara nyingi zinaanza saa moja ya usiku, mara tu watu wanatoka, panya wanalala ndani ya depo. Kama zinaanza saa nne ao saa tano, pengine wanatoka inje, na munapashwa kutafuta tundu na muti wenye tawi lenye kugusa paa.

Kutoka picha mpaka kazi

Kumaliza wanyama wageni kunaomba mambo matatu, na yote matatu kwa pamoja. Kwanza, kila panya afikiwe na mutego, hata yule wa mwisho kwa pembe ya paa. Pili, wafe haraka kupita namna wanazaa. Jike anabeba mimba karibu wiki 3, anazaa watoto 6 mpaka 8, na hao watoto wanaweza kuzaa kisha miezi mitatu hivi. Tatu, wengine wasiingie tena.

Kwa kisiwa katikati ya bahari jambo la tatu ni rahisi. Depo yetu haiko kisiwa, kwa hiyo tunaifanya ikuwe kama kisiwa:

- Zibeni matundu kwa simenti na waya. Tundu lenye kidole kidogo kinaingia, panya mutoto anaingia.
- Kateni matawi yote yenye kufika karibu na paa, metre 2.
- Safisheni majani na takataka kuzunguka depo, metre 3.
- Mifuko ikae juu ya palete, mbali na ukuta, ili mutu apite kuangalia.
- Ghala ya miguu ya miti: vikeni kila muguu bati lenye mufano wa kofia, kimo cha metre 1 kutoka chini.
- Mufuko wowote wenye kutoka sokoni ufunguliwe na kukung'utwa inje mbele ya kuingia.

Neno moja kwa wenye kukaa karibu na machimbo ya zamani. Musichukue mawe ao muchanga wa pale kuziba matundu ao kutengeneza chini ya depo. Mawe ya Shinkolobwe yana urani, na chakula chetu hakipashwi kulala juu yake.

Kisha mitego. Panya anaogopa kitu kipya. Wekeni mitego ya kubana na kalanga bila kuitega, usiku 3 ao 4, pale kamera ilionyesha njia. Wakizoea kula, mutege yote usiku mumoja. Mitego 20 kwa usiku mumoja ni bora kuliko mitego 2 kwa usiku 10, kwa sababu wale wenye kubaki wanajifunza. Muache matundu makubwa ya njia kwanza, muyazibe mwishoni. Panya mwenye kufa mumushike na plastiki mukononi, mumuzike chini sana. Panya wanabeba magonjwa. Huko Ituri, katika inchi yetu hii, tauni ingali inapatikana.

Juu ya sumu

Tunasema wazi: sumu ni ya mwisho, na ndani ya depo ya chakula tunaikataa. Tuko na sababu.

Sumu nyingi za panya zinazuia damu kuganda. Panya anakufa kisha siku kadhaa, akiwa amekwenda mbali. Pusi anamula, bundi anamula. Na batoto wetu wanawinda panya wa pori kwa kuchoma na kula. Mutoto hajui panya gani alikula sumu.

Vifuko vidogo visivyo na jina wala maandiko vyenye kuuzwa sokoni musivinunue hata kidogo. Hakuna mutu anajua kiko nini ndani. Kama mutoto amekula sumu, mumupeleke hospitali mara moja, hata kama anaonekana muzima, na mubebe paketi. Kwa sumu ya damu kuko dawa, vitamini K1, lakini munganga anapashwa kujua ni sumu gani.

Tusisimame katikati ya njia

Unguja, kunguru wa India aliletwa katika miaka ya 1890 ili asafishe takataka. Akaenea pwani yote, Dar es Salaam na Mombasa. Katika miaka ya 1990 kampeni kubwa iliwapunguza sana Unguja. Kazi ikasimama, wachache wenye kubaki wakazaa, na leo wako tena kila pahali. Mwaka 2024 Kenya nayo ilitangaza vita juu ya kunguru haohao, ikisema inataka kumaliza milioni moja.

Kwa kisiwa cha South Georgia, mbali sana upande wa kusini, kazi ya kuua panya ilikwisha mwaka 2015. Hawakupiga shangwe siku ile. Walingoja, wakarudi kutafuta alama kila pahali, na mwaka 2018 tu njo walitangaza: hakuna panya tena. Kwa kisiwa cha Gough, katikati ya Atlantiki, walimwaga dawa kwa helikopta mwaka 2021 ili kumaliza panya wadogo wenye kula makinda ya ndege. Mwezi wa 12 wa mwaka uleule kamera ikapiga picha ya panya mudogo akiwa hai. Ilikuwa habari ya huzuni, lakini ni vizuri kuijua mapema kuliko kuendelea kusema tumeshinda.

Kwa sisi ni hivi. Wiki 2 nyuma ya mitego, rudisheni kamera palepale, usiku 5, na kalanga ileile. Mufano wetu ulikuwa ziara 60. Kama sasa ni 6, mumepunguza 90%. Ni kazi nzuri, lakini haijakwisha: jike mumoja na dume mumoja wanatosha kuanza upya. Tegeni tena kule kamera imeonyesha. Mukipata sifuri, rudieni kisha wiki 6. Sifuri mara mbili njo tunaweza kusema depo ni safi. Nyuma yake, kamera moja kila mwezi, usiku 5, mpaka mufuko wa mwisho uuzwe.

Kamera na watu

Kamera inapiga picha ya kila chenye joto, na mutu naye ana joto. Kwa hiyo, mbele ya kuiweka, mukutano mukuu ukubali na uandike katika kayé mambo haya manne:

1. Kamera ni ya panya. Wote wajue iko wapi na itakaa siku ngapi.
2. Picha ya mutu inafutwa mbele ya komite. Haitumwi kwa telefone ya mutu.
3. Kilo zinachungwa kwa muzani na kayé: kupima kwa kuingia, kupima kila mwezi, kupima kwa kutoka, na kuandika unyevu.
4. Kamera inakaa ndani ya depo ao kwa ukuta wake. Haiendi porini wala upande wa machimbo. Serikali ilikataza kuchimba Shinkolobwe tangu 2004, na walinzi wako pale. Kamera iliyofichwa kwa muti inaweza kumutia mukulima katika matata makubwa. Mujulishe pia chefu wa kijiji.

Kama hamuna kamera

Koperative isiyo na kamera isingoje. Chukueni kipande cha bati, sentimetre 20 kwa 20, mumwage majivu laini juu yake, na katikati kalanga kidogo. Wekeni vipande 10: chini, chini ya palete, na juu ya mbao. Asubuhi muhesabu ni vingapi vina alama za miguu ao mustari wa mukia. Kama ni 7 kwa 10, andikeni 70%. Fanyeni usiku 5, mbele na nyuma ya mitego. Majivu hayaonyeshi saa, na aina ya panya haionekani vizuri, lakini njia yanaionyesha, na bei yake ni sifuri.

Kazi ya mwezi huu

Mbele ya mukutano wenye kuja, kila koperative ilete majibu haya:

- Mifuko mingapi iko depo leo, kilo ngapi, na iliingia na kilo ngapi?
- Unyevu ulikuwa ngapi kwa kuingia, na ni ngapi leo?
- Ziara ngapi kwa usiku wa kamera, ao vipande vingapi vya majivu vyenye alama?
- Njia kubwa ya panya ni gani: chini, mulango ao paa?
- Matundu mangapi yamezibwa, na mangapi yanabaki?

Tutayasoma pamoja, na depo yenye shida kubwa njo itapewa kamera ya kwanza.